Gundi Kwenye Kioo

Kipindi cha tatu. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na ubaoni nimeandika: HADITHI ZA BAADA YA MWISHO.
Darasa la kumi limechangamka. Hatimaye, wananong'ona,
mwalimu Raushan ameachana na mashairi ya farasi.

Nawaambia: andikeni. Dunia imekwisha. Nani kabaki? Anakula nini?
Dakika kumi. Kalamu zinakwenda mbio kama panya darini.
Yerasil anaijenga Moscow upya ili aiangushe.
Madi ana bunduki tatu, mbwa mmoja, na kopo la maharagwe
analolilinda kuliko mchumba.
Danagul kabaki peke yake duniani, ana furaha isiyo kifani;
kwao wanalala sita chumba kimoja.

Kisha nafuta ubao, naingia historia,
na miayo inaingia nayo.

Zamani, nasema, kiyama kilikuwa na mwenyewe.
Hata kwa Kikazaki chetu neno ni lilelile,
na bibi zetu hawakulitaja bila kushusha sauti.
Kingekuja kutoka juu, kwa parapanda,
siku aijuaye Yeye.
Halafu mwaka wa arobaini na tano, Japani, asubuhi mbili za Agosti,
watu wakaona kiyama kinaweza kupakiwa kwenye ndege,
kina uzito, kina bei,
kina karani wa kukitilia sahihi.
Kikapata swichi.
Tangu hapo watunzi huvuka kwenda ng'ambo ya mwisho
na kurudi na majivu kwenye viatu:
miji isiyo na taa, watoto wasiolijua neno friji,
maktaba inayochomwa ukurasa kwa ukurasa
mpaka supu ichemke.
Wanaandika kwa hofu, nasema. Na hofu ina anwani.

"Anwani gani?" anauliza Madi.

Sijibu. Natazama dirisha.
Kwenye vioo vya zamani, vile vinne vya nyuma,
kuna alama ya X, gundi ya kahawia iliyokauka,
ambayo Kulyash mfagizi ameisugua kwa siki, kwa wembe, kwa matusi.
Haitoki.
Niliketi pale, dawati la pili, mwaka wa themanini na nne.
Taa ikaanza kuyumba, chaki ikabingirika ikaanguka,
ardhi ikakohoa mara moja
kama mtu aliyejiziba mdomo kwa mto.
Mwalimu wa imla hakuinua macho.
"Endeleeni kuandika," alisema. "Koma. Mstari mpya."

Togzhan, zile dakika kumi, hakugusa kalamu.
Kengele inapolia ananiwekea karatasi mezani, anaondoka
bila kufunga vifungo vya koti.

"Bibi alikuwa na miaka tisa. Askari walisema tokeni nje, laleni kifudifudi.
Wakatandika zulia la sufi ili nguo zisichafuke.
Bibi alichungulia. Waliporudi ndani jiko lilikuwa na Ufa.
Mama yake akauziba kwa udongo, akaoka mkate, wakala.
Jioni wakakamua ng'ombe. Hakuna aliyekuwa na bunduki.
Mwalimu, hii ni baada ya mwisho au ni siku ya kawaida?
Sijui niiandike kwenye daftari la fasihi au la historia."

Kalamu nyekundu iko mkononi. Natafuta kosa, mazoea hayana dawa,
na nalipata: Ufa, kwa herufi kubwa,
kama jina la mtu aliyehamia kwao.
Naliacha.

Madi bado yupo. Ameshika rula, anakwaruza kioo.
"Mwalimu, hii gundi ilikuwa ya nini?"
"Ya utepe wa karatasi. Vioo visitumwagikie."
Anapima upana wake kwa vidole. Viwili.
"Huo tu?"

"Huo tu," nasema. "Vaa kofia, nje kuna baridi."